TUUFAHAMU MGUU WA MTOTO: MGUU KIFUNDO HUTIBIKA



Katika toleo hili tunaeleza jambo tunaloulizwa mara kwa mara na pande zote mbili. Kamati za diakonia huuliza kama mtoto aliyezaliwa nyayo zikiwa zimegeukia ndani ataweza kutembea sawasawa. Wafadhili nao huuliza kwa nini, kwa ajili ya watoto hao, tunaomba nauli kuliko fedha za upasuaji mkubwa. Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo limo katika maumbile ya mguu wenyewe.

Mguu umejengwaje?

Kila mguu, kuanzia paja hadi ncha za vidole, una mifupa 30. Mfupa wa paja ni mmoja, nao ni mrefu kuliko yote mwilini. Goti lina kifuniko chake. Chini ya goti kuna mifupa miwili: muundi, ambao hubeba uzito, na mwingine mwembamba ulio upande wa nje. Iliyobaki, yaani 26, imo katika wayo: 7 ya nyuma, 5 ya katikati na 14 ya vidole. Nyayo mbili zina mifupa 52, ambayo ni robo ya mifupa 206 ya mwili mzima.

Misuli ya shavu la mguu huishia katika kano moja inayoshuka hadi kisiginoni, ambayo ni nene na yenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Kano hiyo ndiyo huinua kisigino tunapopiga hatua. Kati ya muundi na kisigino upo mfupa mmoja wa ajabu: hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana nao. Umeshikiliwa tu na mifupa jirani na nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Mifupa mingine ya wayo hugeuka chini yake, mfano wa mlango kwenye bawaba.

Kwa mtoto mchanga, sehemu kubwa ya wayo bado haijawa mfupa. Ni gegedu, laini kama ncha ya sikio. Hali hiyo ndiyo msingi wa matibabu yote tunayoeleza hapa chini.

Mguu kifundo ni nini?

Ni hali ambayo mtoto huzaliwa nayo. Wayo hukunjika katikati, sehemu ya mbele huelekea ndani, kisigino huinamia ndani, na kano ya kisigino huwa fupi kiasi kwamba vidole hutazama chini. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 1,000 huzaliwa hivyo. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huathirika miguu yote miwili.

Wayo uliokaa vibaya tumboni kwa kubanwa hunyooka kirahisi ukiushika taratibu kwa mkono. Mguu kifundo haunyooki hivyo. Aidha, usichanganywe na matege: watoto wengi wanaoanza kutembea huwa na magoti yaliyoachana, na kwa kawaida hunyooka wenyewe kadiri wanavyokua. Mguu kifundo haujirekebishi. Mtoto asipotibiwa atakanyagia ubavu wa wayo, atapata sugu na vidonda, na viatu havitamwingia. Katika vijiji vyetu vya Bariadi, Itilima na Meatu, ambako shule, kisima na shamba vyote hufikiwa kwa miguu, maisha yake yote huwa magumu.

Wataalamu hawajapata sababu moja ya hali hii. Hata hivyo, si laana, na si matokeo ya kosa la mama. Katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, naye aliwakatalia kumlaumu yule mtu au wazazi wake. Jibu hilo latosha pia kwa mama anayenyoshewa kidole kijijini.

Matibabu yanavyofanyika

Njia inayotumika leo duniani kote ilianzishwa na Dk. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, hadi alipofariki mwaka 2009. Yeye aliona kuwa wayo wa mtoto mchanga hauhitaji kulazimishwa bali kuelekezwa. Uganda na Malawi zimeonyesha kuwa hata maafisa tabibu wa mifupa, wakifundishwa vizuri, huifanya kazi hii kwa mafanikio.

Kwanza, mtaalamu huunyoosha wayo taratibu kwa mikono, kisha huufunga plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo, kuanzia vidoleni hadi pajani goti likiwa limekunjwa. Plasta ikiishia chini ya goti huchomoka, na wayo haushikiliwi vizuri. Kila wiki plasta hubadilishwa na wayo husogezwa mbele kidogo. Kwa kawaida huhitajika plasta 5 hadi 7.

Pili, kwa watoto walio wengi, kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo baada ya kuchomwa sindano ya ganzi. Wazee wengi huogopa wakisikia neno kukatwa. Tunapenda kuwatoa hofu: mtoto hufungwa plasta ya mwisho kwa wiki 3, na kano huota tena ikiwa ndefu zaidi.

Tatu, mtoto huvishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala tu hadi afikishe takriban miaka 4. Hatua hii ndiyo inayoachwa na wengi, kwa sababu miguu huwa imekwisha kunyooka na wazazi hudhani kazi imekwisha. Viatu vikiachwa mapema, miguu hurudi ilivyokuwa.

Kwa nini tunaomba nauli?

Sasa wafadhili wetu wataona. Vifaa vya plasta si ghali, na upasuaji ni mdogo. Kilicho kigumu ni safari 7 au 8 katika miezi miwili ya kwanza, bila kuruka wiki. Familia inayopewa rufaa ya Bugando, Mwanza, hutoka Bariadi kupitia Lamadi na Magu. Anayetoka vijiji vya Meatu ana safari ndefu zaidi. Mama akikosa nauli wiki mbili katikati ya matibabu, plasta hulegea na sehemu ya kazi hupotea. Nauli ni sehemu ya dawa.

Kazi ya kamati ya usharika

1. Mtoto atazamwe miguu katika wiki za kwanza. Tusisubiri siku ya ubatizo, akiwa amefunikwa kanga. Jumuiya zinapomtembelea mzazi, waulize kwa upole.
2. Mkimwona mwenye dalili, mpelekeni kituo cha afya apewe rufaa. Asikandwe kwa nguvu wala kufungwa vijiti nyumbani.
3. Plasta isiloane wala isitolewe nyumbani. Vidole vikivimba, vikibadilika rangi au vikizama ndani ya plasta, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.
4. Mwinjilisti wa mtaa aandike tarehe za kliniki, na aendelee kuulizia viatu hadi mtoto afikishe miaka 4.
5. Mtoto mkubwa asiachwe. Matibabu yake huchukua muda zaidi, lakini msaada upo.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 3, Luka anasimulia habari za mtu aliyekuwa kiwete tangu tumboni mwa mamaye, akibebwa kila siku hadi mlango wa hekalu. Luka, aliyekuwa tabibu, hasemi tu kwamba alisimama. Anataja nyayo na vifundo vyake kupata nguvu. Watoto wetu hawana haja ya kubebwa hadi ukubwani. Wanahitaji kubebwa kwa wiki chache tu, wangali wachanga, hadi kliniki.