Kwa nini zahanati haitoi dawa za mitishamba?

Kwenye vijiji vya Uluguru, iwe Mgeta, Matombo au Kinole, mganga wa tiba asili yupo jirani, na zahanati mara nyingi ipo mbali, kwa njia ya mlima. Ndiyo maana wasikilizaji wetu huuliza: kama serikali inatambua mitishamba, mbona dirisha la dawa halina?

Ni kweli inaitambua. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwahesabu waganga wa asili kati ya watoa huduma ya afya ya msingi, pale wanapohitajika. Hapa nchini, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga, vituo vyao na dawa zao.

Lakini kusajiliwa ni jambo moja, kufika zahanati ni jingine. Zahanati huagiza dawa Bohari ya Dawa (MSD) kwa kufuata miongozo ya Wizara ya Afya. Dawa ya kienyeji lazima kwanza ipimwe usalama wake, kwa mfano kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha ijulikane kipimo chake. Mizizi iliyochemshwa nyumbani hubadilika nguvu kila inapochemshwa. Katika miaka ya karibuni baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa zimeanza kutoa dawa za asili zilizosajiliwa, lakini kwa zahanati nyingi za vijijini bado.

Mfano mzuri ni dawa mseto ya malaria. Asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga, lakini kiwandani kiasi cha dawa katika kila kidonge hupimwa. Chai ya pakanga haina kipimo hicho, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kutibu malaria.

Basi tufanyeje? Mganga akikutibu, muulize kama amesajiliwa. Mratibu wa tiba asili wa halmashauri anaweza kukuthibitishia. Ukienda zahanati, mwambie mhudumu dawa zote ulizokunywa, bila kuona haya, maana nyingine hazipatani. Mjamzito asinywe dawa ya kuongeza uchungu. Na mtoto mwenye homa akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya, msisubiri dawa ichemke. Mwahisheni zahanati.