Maji ya Mtaa na Afya ya Mwanafunzi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, kichocho ni maradhi yaliyowasumbua mno watoto wa Unguja na Pemba. Mtoto hukojoa damu, hupungukiwa na nguvu, na masomo humlemea. Mdudu wake aligunduliwa na tabibu Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mgonjwa akikojoa mtoni au bwawani, mayai ya mdudu huyo huanguliwa majini. Vitokanavyo na mayai hayo huingia ndani ya konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote aingiaye kuoga, kufua au kucheza. Nasi twajua kwamba Mtume wetu alikwisha kutukataza kukojoa katika maji yaliyotuama.

Dawa inayogawiwa skuli huua mdudu aliyemo mwilini. Haimkingi mtoto na maji atakayoyaingia kesho. Akirudi mto ule ule, huambukizwa tena. Skuli isiyo na choo humtoa mwanafunzi nje, na mtaa usio na mfereji humpeleka mama mtoni. Basi tusimlaumu mtoto peke yake. Kujenga choo na kuvuta maji safi ni katika haki za jirani, na ni sadaka yenye kuendelea.

Ewe mzazi, mpeleke mwanao akapate dawa, kisha kaa na jirani zako mshauriane juu ya choo na maji. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.