Jiwe la mu ordinatere

Kisha ajali ya chini ya udongo, kampuni (jina tunaliacha) ilituita sisi ba-delege wa sendika, ikatuonyesha filme iliyochorwa na ordinatere. Jiwe linaachana na dari, mwenzetu anatembea tu, jiwe linamukuta. Wakasema: "Munaona? Alikuwa na wakati wa kukimbia." Tulinyamaza. Mutu atabishana na picha namna gani?

Njo tukaanza kujifunza. Binti wa mwenzetu mumoja, anayesoma hesabu ku univasite, alituonyesha Blender, programu isiyoomba franga. Tulikaa naye jioni, na mavumbi ya kazi ingali mu nywele.

Kumbe picha yote ni hesabu. Kila kona ya jiwe ni nukta yenye namba tatu: kushoto-kuume, mbele-nyuma, juu-chini. Nukta tatu zinafanya pembetatu, pembetatu nyingi zinafanya jiwe. Kuligeuza ni kazi ya sinus na cosinus, zile za mu sekondere tulizofikiri ni za kutesea batoto. Kwa kulitembeza, muchoraji anaweka jiwe juu ku picha ya kwanza na chini ku picha ya mwisho. Za katikati ordinatere inazijaza yenyewe. Picha 24 ni sekonde moja.

Lakini inazijaza namna gani? Kama haukuiambia kitu, Blender inaondosha jiwe polepole, inalikimbiza katikati, halafu inalipunguza mwendo mbele ya kugusa chini, sawa ndege anayetua. Jiwe la kweli halitui. Linaongeza mbio mpaka chini, na metre 5 linazimaliza kwa sekonde moja hivi. Binti akaandika mistari michache ya Python: nusu ya 9.8, mara wakati, mara wakati tena. Tukaliona linaanguka. Mutu hapati hata nafasi ya kuinua macho.

Kampuni ilikuwa imetuachia kopi ya filme. Tukahesabu: metre 5, sekonde 3. Tukauliza. Wakajibu walipunguza mwendo ili watu waone vizuri. Sawa. Lakini mwenzetu mu ile filme anatembea mwendo wa kila siku! Kama walipunguza jiwe, mbona miguu yake haikupunguzwa?

Wameomba wiki mbili za kujibu. Mujane angali anangoja karatasi zake. Sisi tunaendelea kila siku ya ine jioni. Mwenye mutoto anayependa hesabu amulete, na mwenye ordinatere aje nayo, hata ya zamani.