Matumbawe Yaliyopona Bila Kuzaa

Katika miezi ya Machi na Aprili ya mwaka 1998, kaskazi ilipokuwa ikikatika na kusi haijavuma bado kuipoza bahari, maji ya pwani yetu, ambayo El Niño ilikuwa imeyatia joto kupita kadiri ya ada yake, yalikaa juu ya miamba kuanzia Kiunga hadi Kisite kwa majuma mengi, na matumbawe ya kahawia, ya kijani na ya zambarau yakageuka meupe pe. Katika sehemu nyingi za Kenya iliangamia nusu ya matumbawe yaliyokuwa hai, na kwingine hata sehemu tisa katika kumi. Msiba huo umeandikwa mara nyingi, na ulistahiki; lakini naona kwamba tumeyahesabu mno yaliyokufa, tukayasahau yaliyosalimika, ilhali uzazi wa hayo ndio utakaoamua kama mwamba utakuwapo.

Tumbawe si jiwe, bali ni mnyama. Ndani ya nyama yake laini mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kulipa tumbawe sehemu kubwa mno ya nguvu linazohitaji, nao hupata maskani na mbolea itokanayo na taka za mwenyeji wake. Maji yakizidi joto la kawaida la kilele cha kiangazi kwa digrii moja tu, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, mwani huo huanza kuzalisha oksijeni ya namna iliyo sumu, na tumbawe hulazimika kuutoa mwilini. Weupe tuuonao ni mifupa ya chokaa ikionekana kupitia nyama iliyopoteza rangi. Tumbawe hapo halijafa; lina njaa.

Njaa hiyo ndiyo asili ya utasa. Mayai ya tumbawe yamejaa mafuta, nayo huchukua miezi mingi kukomaa, kwa hiyo mnyama aliyekwisha kula akiba ya mwili wake ili asife hana cha kuwekea kizazi. Huko Florida, baada ya joto la mwaka 1987, wataalamu walichunguza matumbawe yaliyopauka, wakakuta kwamba yale yaliyokaa meupe kwa miezi mingi hayakukamilisha mayai msimu uliofuata, ingawa yalisalimika, ilhali yale yaliyorudiwa na rangi yake yaliyakomaza kama kawaida. Hata yale yatoayo mayai huweza kuyatoa bure, maana aina nyingi huachia mayai na mbegu ya kiume majini, na jirani wakiwa wamekufa, yai huelea lisikutane na kitu. Katika Mwamba Mkuu wa Australia, baada ya joto la mwaka 2016 na 2017, watoto wa matumbawe waliotua mwambani mwaka 2018 walipungua kwa asilimia 89.

Kwetu kuna jambo la kutia hofu zaidi. Uchunguzi uliofanywa na Sangeetha Mangubhai na Peter Harrison katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba matumbawe yetu hayazai yote kwa pamoja katika siku chache, kama yafanyavyo ya Australia, bali hugawanyika katika miezi ya kaskazi. Ni rehema kwa upande mmoja, kwani pigo moja haliangamizi kizazi chote cha mwaka. Lakini yakiisha kupungua, hayo machache yanayozaa kila mwezi hutawanyika mno. Na Aprili 2024 ilitangazwa rasmi kwamba dunia imo katika mpauko wake wa nne wa matumbawe.

Mkaazi wa Ngoingwa, huku kwetu Thika mbali na bahari, aweza kuuliza haya yamhusu nini. Jibu limo katika mito: maji ya mito ya Chania na Thika huingia Tana, na tope lake jingi hunaswa na bwawa la Masinga, lililokamilishwa mwaka 1981. Lakini Ndarugu na Ruiru, mito ya jirani zetu, humiminika Athi, na Athi ndiyo Sabaki ifikapo baharini kaskazini ya Malindi. Mtoto wa tumbawe hutafuta mwamba mgumu ulio safi. Penye tope hatui, na akitua hufukiwa. Mvua za vuli huteremsha udongo wa viwanja vilivyochimbwa na makonde yasiyo na matuta, na kaskazi, ikivuma katika miezi ile ile ya uzazi, huyasukuma maji mekundu kuelekea kusini, hadi ndani ya hifadhi ya Malindi inayolindwa tangu mwaka 1968. Joto la bahari halizuiliki kwa mikono ya Thika na Ruiru peke yake. Udongo huu wazuilika, kwa matuta na kwa nyasi kingoni mwa mito, kabla mvua ya Novemba haijanyesha.