Karipio Lisilosikika Darasa Zima

Mwanafunzi anapogongagonga dawati kwa kalamu wakati wa somo, aghalabu mwalimu hugeuka kutoka ubaoni na kumkaripia kwa sauti kuu. Kelele hukoma. Baada ya dakika chache huanza tena. Wengi huona hapo dalili ya ukaidi, na fimbo hutafutwa. Lakini saikolojia ina maelezo mengine.

Mwaka 1970, huko Marekani, K. Daniel O'Leary na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miezi minne katika madarasa matano. Katika kila darasa walichaguliwa watoto wawili waliozidi kwa utundu. Kwanza ilidhihirika kuwa takriban makaripio yote ya walimu yalisikiwa na watoto wengine. Ndipo walimu wakaombwa kukaripia kwa sauti ya chini, imfikie mhusika peke yake. Utundu ukapungua kwa wengi wa watoto hao. Walimu waliporudia sauti kuu, utundu uliongezeka. Waliposhusha sauti tena, ulipungua. Mabadiliko hayo ya kwenda na kurudi ndiyo yanayoupa uchunguzi huo uzito, kwani ni vigumu kudai kuwa yalitokea kwa bahati tu.

Tendo linalofuatwa na jambo analolipenda mtendaji huelekea kurudiwa. Kwa mtoto, kutazamwa na mkubwa pamoja na wenzake ni jambo la thamani, hata likija kwa sura ya hasira. Karipio la sauti kuu humpatia watazamaji.

Nyumbani kanuni ni ile ile, ila ina mtego wake. Mtoto aliyezoea kupewa andazi kila aliapo, siku mama anapoacha kukijali kilio, mara nyingi hulia zaidi kwanza kabla ya kunyamaza. Mama akishindwa wakati huo, mtoto hujifunza kuwa kilio kikubwa ndicho chenye faida. Heri angempa tangu mwanzo.

Katika darasa la wanafunzi 70, ushauri wa kunong'ona waweza kuonekana mzaha. Hata hivyo, mwalimu afundishaye huku akitembea hufika karibu na mtundu bila kukatiza maelezo yake; kidole juu ya daftari chatosha. Yafaa pia arudi mtoto huyo anapoandika kwa utulivu, aitazame kazi yake. Hatua hii husahauliwa mno.

Upole huu hauhusu kupigana, kurusha mawe wala kumwonea mdogo. Hayo huzuiwa papo hapo, kwa sauti yoyote itakayofika.