Shahada ya Pamoja na Lugha ya Mawasiliano ya Dunia

Shahada ya uzamili ya pamoja hutambulika kwa mtaala wake: vyuo vikuu vya nchi mbalimbali huandaa na kufundisha mtaala mmoja, na mwanafunzi huhama ili aukamilishe. Umoja wa Ulaya umekuwa ukidhamini shahada za aina hiyo kupitia mpango wa Erasmus Mundus ulioanza mwaka 2004. Mojawapo huhusu uanahabari, vyombo vya habari na utandawazi: mwaka wa kwanza husomwa Aarhus, Denmark, na wa pili katika chuo kingine shirika, kwa mfano Amsterdam. Mwanafunzi hubadili nchi bali habadili lugha, kwani kote hufundishwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo lilipo suala la kiisimu. Mwaka huohuo wa 2004, mjini Addis Ababa, Joaquim Chissano aliuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, mbele ya kikao kilichozoea Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kireno. Utandawazi, basi, una ndimi nyingi. Mswahili anayeisomea taaluma hiyo na kuijenga tasnifu yake juu ya data ya Kiswahili haendi kupokea tu. Huipa taaluma kile ambacho lugha moja haiwezi kukiona.