Kupenda Magari si Kosa, Kukosa Uongozi Ndiko Kosa

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, kijana wa mtaa wetu jijini Dar es Salaam aliingia mtaroni na gari la baba yake. Alikuwa akishindana na mwenziwe. Alhamdulillahi, alitoka na mkono uliovunjika tu. Kulipokucha, wazee waliijia kamati ya msikiti wakitaka vijana wote wenye magari wazuiwe kuegesha uani.

Sisi wa kamati tuliona kuwa tukiwafukuza, mashindano yatahamia barabara nyingine, na msikiti utakuwa umewapoteza vijana. Tukawaita. Tuliwakumbusha kwamba Surat an-Nahl inataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na pia ni pambo, na kwamba Bukhari amepokea kwa Ibn Umar (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi. Waliofunzwa walipewa masafa marefu, wasiofunzwa wakapewa mafupi yaliyoishia msikiti wa Bani Zurayq. Basi kupenda kipando si dhambi, ila kuna utaratibu wake.

Hapo ndipo klabu ilipozaliwa. Wakamchagua amiri, katibu na mweka hazina, wakifuata mafundisho kwamba hata wasafiri watatu wamteue mmoja wao awaongoze. Masharti yalienea ukurasa mmoja: hakuna kushindana barabarani wala kuwekeana dau, kwenye makazi ya watu mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, mikanda ifungwe, breki, matairi na taa vikaguliwe kabla ya safari, msafara usimame wakati wa sala. Amiri hutangulia, na fundi hufuata mwisho, ili asiachwe nyuma aliyeharibikiwa.

Kilichokaribia kuivunja klabu hakikuwa mwendo kasi, bali fedha. Mwezi wa nne, amiri alichukua fedha za mfuko akatengeneza giaboksi ya gari lake, akisema atarudisha. Hapakuwa na maandishi. Wenzake wakanung'unika gereji, si mbele yake. Nasi tulikosea, maana tulihimiza michango bila kuhimiza daftari, ilhali Surat al-Baqara, aya ya 282, inaamuru deni liandikwe. Tulikaa nao baada ya Ijumaa. Amiri alikiri, akajiuzulu kwa hiari, akalipa kwa awamu tatu. Tangu hapo hesabu husomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na haitoki shilingi bila saini mbili.

Kisha akaja mama mmoja na shitaka lake: mumewe alinunua rimu mpya kabla ya kulipa ada ya mtoto. Likaongezwa sharti kwamba pambo la gari lije baada ya haki za nyumbani. Safari nazo zikawa za familia. Ya kwanza ilikuwa Bagamoyo, kwenye magofu ya Kaole, penye mabaki ya msikiti wa karne ya 13. Watoto walishuka na maswali mengi kuliko tulivyoweza kujibu.

Leo magari yale yale hupeleka wagonjwa hospitali usiku na husindikiza majeneza. Kijana aliyevunjika mkono ndiye mkaguzi wa matairi, na hamwonei haya mtu, hata baba yake.

Ndugu wazazi, mwanao akipenda jambo la halali, msifiche funguo tu. Mtafutieni wenzake wema, kiongozi na daftari. Wabillahi tawfiq.